Nia Haikataliwi

Jumapili, 18 Novemba 2012
Baada ya misa Padre alitubakiza sisi akina baba, akasema kuanzia mvua za mwanzo hadi Pasaka kila mmoja awe anaandika alivyomkosea Mungu na jirani. Wenzangu walichekea mikononi. Mimi nimeanza leoleo, ingawa sioni kama nitakuwa na mengi. Naitwa Urbano. Nina mashine ya kusaga hapa Sumbawanga, shamba Mollo, mke mmoja, binti mmoja, na ni mwenyekiti wa jumuiya yetu ya Kikristo. Mvua bado.

Jirani ninaye. Ni Nyanda, Msukuma aliyeteremka huku na ng'ombe wake, akawauza karibu wote na kufungua kibanda cha gemu ukuta kwa ukuta na mashine yangu. Televisheni mbili, mabenchi manne, na vijana wa mtaa mzima wamebanana humo wakisukumana mpira wa kwenye kioo. Siku nzima anapiga mluzi. Nikimaliza daftari hili kabla ya Pasaka, ujue ni yeye.

Jumatano, 21 Novemba
Mvua ya kwanza. Tope hadi mlangoni.

Jumamosi, 24 Novemba
Tumeshinda Mollo tukibomoa ntumba. Mgeni akiziona hudhani ni makaburi. Ni matuta ya duara: mvua zikielekea kuisha tunafukia majani mabichi chini ya udongo na kupanda maharage juu yake, mvua nyingine zikija majani yameoza, tunabomoa na kupanda ulezi. Marehemu baba alinifundisha hivyo, nami nikamfundisha Evodia. Alipokuwa mdogo alikuwa ananifuata na kajembe kake akiniuliza maswali mpaka nachoka. Sasa ana miaka kumi na mitano, na leo alilima kimya.

Nikamuuliza anawaza nini.

"Nawaza namna ya kumpita beki."

"Beki yupi?"

"Wa kwenye gemu, baba. Anko Nyanda amenionyesha, ila vidole vyangu bado vizito."

Anko. Mtu aliyehamia Agosti ameshakuwa anko. Nikasema gemu ni mambo ya wahuni. Getruda, mke wangu, ambaye ni mwalimu na husema kwa kifupi, akajibu bila kuinua uso, "Akiwa pale najua yuko wapi."

Jumatatu, 26 Novemba
Jioni mahindi ya wateja yalikuwa yameisha na mashine nimeizima. Upande wa pili wakaanza kushangilia, "Evo! Evo!" na sauti ya Nyanda ilikuwa juu kuliko zote. Nikasikia binti yangu anacheka. Kicheko hicho nyumbani kwangu sijakisikia mwaka huu.

Nikawasha mashine bila hata debe moja la mahindi. Ikiwaka, umeme wa mtaa mzima unayumba. Televisheni zao zikapepesa, zikazima, na watoto wakaguna. Nikazima.

Nyanda alichungulia mlangoni. "Mwenyekiti, umetuua dakika ya tisini." Anacheka. Linaloniudhi kwa mtu huyu ni kwamba hakasiriki.

Jumamosi, 1 Desemba
Jumuiya kwa dada yangu Bertilla. Baada ya somo zikafuata nia, maombi ya kila mtu. Desturi yetu iko wazi: mtu akishasema nia yake haikataliwi, haijadiliwi, wala haitoki mlangoni. Anamalizia "Ee Bwana", mimi mwenyekiti naanza kuitikia, "Twakuomba utusikie", na wengine wanafuata. Mwaka juzi mama mmoja alimwombea mumewe aache pombe, mume mwenyewe ameketi ubavuni pake, na mume akaitikia kama sisi sote. Ndivyo tunavyoishi.

Leo nikasema, "Tuwaombee watoto wanaopotezwa na mambo ya kisasa." Wakaitikia. Getruda naye aliitikia, ila macho yake yalikuwa kwangu.

Jumatano, 5 Desemba
Nimemkumbusha Evodia kidonge chake, akaniambia ameshameza. Hili niliandike mara moja tu. Evodia ana kifafa tangu akiwa na miaka tisa. Kwa dawa anapitisha hata miezi saba bila kuanguka. Tunaojua ni mimi, Getruda na Bertilla. Mji huu ukisikia mtoto anaanguka, wanaanza kuulizana nani kamtupia nini, na shuleni hakuna atakayemkopesha hata kikombe. Kwa hiyo tumefunga midomo, na Evodia nimemwapisha.

Jumapili, 9 Desemba
Nilipotoka kanisani nilipitia mashineni kuchukua funguo. Pazia la kibanda lilikuwa limeinuliwa. Mke wangu alikuwa ameketi kwenye benchi na gauni lake la kanisani, pedi ya kuchezea gemu mkononi, ulimi umetoka kidogo pembeni kama anavyofanya akitunga uzi, na Nyanda anamwelekeza, "Bonyeza mraba, mwalimu, mraba!" Evodia alikuwa anacheka hadi machozi yanamtoka.

Sikuingia. Nikaenda nyumbani nikapasha maharage na kula peke yangu. Yalikuwa yamechacha.

Jumatatu, 10 Desemba
Nimewasha mashine mara mbili.

Jumanne, 11 Desemba
Mara moja.

Jumatano, 26 Desemba
Krismasi ilipita na mvua. Leo Nyanda aliandaa mashindano, na Evodia akawashinda wavulana wote na kuleta nyumbani jogoo. Nikamwambia hongera. Nilisema vizuri, sijui kwa nini ilisikika kama kuna mtu amefariki.

Jioni mpwa wangu Flavian, anayefundisha kwaya, akanionyesha simu yake. Nyanda ameweka kwenye Fesibuku picha ya Evodia amemkumbatia jogoo, na chini yake watu chungu nzima wanaandika. "Mtoto noma." "Huyo dada mkali, mshikaji." Nikaenda kibandani na miguu yangu ya tope.

"Nyanda, picha ya mtoto wa mtu haibandikwi hadharani. Hujui nani anaangalia. Ya nyumbani ni ya nyumbani."

Nyanda akatoa simu, akaifuta picha mbele yangu. "Umesema kweli, Mwenyekiti. Ilikuwa niombe kwanza kwako na kwa mwenyewe. Nisamehe."

Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, nao haukuja. Nikarudi nyumbani na hasira zangu zote.

Jumamosi, 5 Januari 2013
Nimenunua simu ya Kichina yenye Fesibuku. Nimemwambia Getruda ni kwa ajili ya kwaya. Kwa kweli nataka kuona huko ndani Nyanda anaongea nini na watu wangu. Hana analoongea. Kwenye picha za mke wangu ameweka kidole gumba mara tatu, basi. Nimezitazama picha hizo tatu muda mrefu. Moja ni picha ya Getruda na wanafunzi wake, na mimi mumewe sikuwahi hata kujua kwamba ilipigwa.

Flavian ameniingiza kwenye kundi la kwaya. Nikamuuliza humo kukoje. "Ni kama jumuiya tu, mjomba, ila ya kwenye simu. Watu wanaweka hata nia zao." Hilo nikalielewa upesi.

Jumatatu, 7 Januari
Mvua kutwa. Ulezi umeota vizuri.

Jumamosi, 12 Januari
Leo nimejua. Nilikuwa nafunga mkanda wa mashine, na ule ukuta ni wa mbao. Nikamsikia Nyanda anasema, "Basi Evo, pumzisha macho. Unywe maji. Na jana ulilala vizuri? Kidonge?" Naye akajibu, "Nimemeza, anko," kwa sauti ambayo kwangu haitumii.

Nilimsubiri nyumbani. "Nani alimwambia Nyanda?"

"Mimi."

"Nilikuapisha."

"Alikuwa na dada yake, anaitwa Kabula, alikuwa kama mimi. Walimficha. Akaangukia motoni, yuko peke yake jikoni, wenzake hawajui chochote. Anko alisema anayekaa karibu na mimi inafaa ajue. Lakini akasema niseme mwenyewe nikitaka. Nikataka."

Getruda alikuwa anakuna nazi. Hakushtuka hata kidogo. Alikuwa anajua. Kumbe wamepanga: gemu mbili, mapumziko, maji, na Getruda anapitia pale jioni kuhakikisha. Wamepanga wote watatu, siku zote hizi, na mimi baba mwenye nyumba nimekaa ng'ambo ya mbao nasaga unga.

Nasema ukweli mbele ya Mungu, sikuumia kwa sababu siri imetoka. Nimeumia kwa sababu alipotaka kumwambia mtu, hakuwa na haja yangu.

Jumamosi, 19 Januari
Niandike yote.

Saa kumi na moja jioni kibanda kilikuwa kimejaa. Kulikuwa na mechi kati ya Evodia na kijana mmoja wa Namanyere aliyesifiwa sana. Getruda alikuwemo. Nilisikia wanahesabu, nikasikia mluzi wa Nyanda, nikasikia "Evo, tulia, binti yangu."

Binti yangu, anasema yeye.

Nikawasha mashine. Haikuwa na mahindi. Nikazima. Nikawasha tena. Nikazima, nikawasha. Sikuhesabu. Kupitia ufa wa mbao nilikuwa naona mwanga wa televisheni unakatika na kurudi, unakatika na kurudi, usoni mwa watoto. Wakaanza kulalamika, nami nikawa nafurahia malalamiko yao. Halafu kelele zikabadilika.

Nilipofika alikuwa chini. Vijana wamerudi hadi ukutani, mmoja anasema msimguse, mtaambukizwa. Nyanda alikuwa ameshatupa benchi nje, amemlaza ubavu, koti lake chini ya kichwa. Getruda amepiga magoti ananong'ona jina lake. Mtu akaleta kijiko cha kumtia mdomoni, Nyanda akamwambia kwa upole akirudishe. Mimi nilisimama mlangoni na unga mikononi. Hapakuwa na kazi iliyobaki ya baba kufanya.

Alipoamka alimwona Nyanda kwanza. Akasema, "Nilikuwa naongoza?"

"Mawili kwa moja," akamjibu.

Nikambeba hadi nyumbani. Getruda akamlaza na kukaa naye, mlango ukafungwa, nami nikabaki sebuleni na simu. Nilihitaji watu. Jumuiya isingekutana hadi wiki ijayo. Nikafungua lile kundi la kwaya na kuandika kama ninavyosema siku zote:

"Wapendwa katika Kristo, niombeeni familia. Binti yangu Evodia ana kifafa tangu utoto na leo ameanguka kwenye kibanda cha gemu. Mke wangu Getruda naye amenaswa na kibanda hicho na mwenye kibanda. Gemu zinatubomolea nyumba. Ee Bwana."

Nikaweka na picha yake ya Kipaimara, ili wajue wanayemwombea. Baada ya muda mfupi watu watano walikuwa wameandika "Twakuomba utusikie". Nikajisikia vizuri. Nimeandika hapa kwamba nilijisikia vizuri.

Jumapili, 20 Januari
Asubuhi binamu yangu amepiga simu kutoka Kirando, yeye hayumo kwenye kwaya wala si Mkatoliki. "Pole, Urbano. Nimeona mtoto anaanguka. Na shemeji vipi tena?" Nikamuuliza ameonaje. Akasema dunia nzima imeona.

Nikakimbia kwa Flavian. Akasoma, akashika kichwa. "Mjomba, hili kundi liko wazi. Mtu yeyote anaingia, anasoma, anasambaza."

"Ulisema ni kama jumuiya."

"Nilisema kama." Akaifuta ile nia. Ilikuwa imeshasambazwa mara nyingi, na huko ilikokwenda hatuna mkono. Chini ya picha ya mtoto na ua lake jeupe la Kipaimara, mtu nisiyemjua alikuwa ameuliza kwa mganga yupi tumempeleka. Mwingine aliandika kuhusu mke wangu neno ambalo siliandiki.

Jumatatu, 21 Januari
Evodia alikwenda shule. Akarudi kabla ya mchana, akavua viatu, akaingia ndani. Benchi walimwachia peke yake. Msichana waliyekuwa wanachangia naye kikombe cha uji ameleta cha kwake.

Alinisemesha maneno haya, naye hakupandisha sauti: "Baba, ilikuwa yangu kuisema."

Jumanne, 22 Januari
Mvua.

Alhamisi, 24 Januari
Getruda ameniita uani. Anasema mwalimu mkuu amemuuliza habari zake na mtu wa gemu, kwa heshima zote. Miaka kumi na sita hajawahi kuulizwa swali la namna hiyo.

"Umeniombea nini hasa, baba Evodia? Niambie nami niitikie."

Nikasema niliandika kwa uchungu.

"Kwa wivu," akasema. "Uchungu ungekuja kukaa nasi chumbani." Tangu Jumamosi analala kwa Evodia.

Jumamosi, 26 Januari
Kibanda kimefungwa. Wazazi wamewakataza watoto, na mimi ndiye niliyekuwa nataka hivyo. Nyanda alikuja mashineni ameshika kofia. Mara ya kwanza kumwona hapigi mluzi. Akaniamkia, tukaulizana hali ya ng'ombe wake wawili waliobaki, hali ya mvua. Kisha akasema, "Mwenyekiti, Jumamosi ile mashine ilikuwa inasaga nini?"

Akasubiri, halafu akavaa kofia. "Sijamwambia mtu. Si langu." Akaondoka kwenye mvua.

Jumatano, 13 Februari
Jumatano ya Majivu. Nimepakwa majivu na padre yuleyule aliyesema tuandike. Hospitali wamesema kuanguka kunaweza kuwa na sababu nyingi, usingizi mdogo, dawa, mwanga unaopepesa. Getruda alikuwa ananisimulia huku akikunja nguo. Alipotaja mwanga nikatoka nje kuangalia kama jogoo amekula.

Jumapili, 24 Februari
Bertilla amekuja. "Umejinyamazia, na wewe si mtu wa kunyamaza. Kuna kitu umekimeza." Nikasema ni Kwaresima. Akasema hata Kwaresima watu wanatema mifupa.

Jumamosi, 9 Machi
Mollo, kupiga ntumba mpya. Nyasi zimefika kiunoni. Getruda alikuwa na semina, kwa hiyo tulikuwa mimi na Evodia tu, kila mmoja na mstari wake, tunazungusha jembe, tunafukia majani. Kazi hii inakulazimisha uiname, na ukiwa umeinama huonani uso kwa uso na mtu. Labda ndiyo maana niliweza.

Nikasema, "Siku ile uliyoanguka, mashine haikuwa na mahindi."

Akaendelea kufukia. Nikadhani hajasikia, nikaanza tena. "Nilikuwa nawasha na kuzima. Makusudi. Hata siku zile za nyuma."

"Kwa nini?"

"Ulikuwa unacheka."

Jembe lake lilisimama. Upepo wa huku juu ni baridi hata mwezi wa tatu, na alikuwa na kanga moja mabegani. Alinitazama kwa muda mrefu, na nilitamani anitukane. Hakunitukana. Akamaliza tuta lake, akahamia lingine, mbali kidogo, akapiga ntumba nzuri kuliko zangu. Wakati wa kurudi alitembea mbele.

Jumapili, 10 Machi
Nimekwenda kwa Nyanda nikamjibu swali lake. Akaitika kwa kichwa. Akasema kuna siku alitaka kunipiga, sasa hataki, ila asingependa nimwite rafiki haraka. "Twende polepole." Nikamkaribisha jumuiya baada ya Pasaka, zamu yangu. Akasema hajabatizwa. Nikasema viti havijabatizwa pia.

Jumatatu, 25 Machi
Yule msichana wa kikombe amekuja kumtembelea Evodia. Walikaa uani. Nilimsikia Evodia anamweleza kila kitu, inavyoanza, afanye nini, asilete kijiko. Alieleza vizuri, kwa sauti yake mwenyewe. Niliona wivu hata kwa huyo mtoto.

Alhamisi, 4 Aprili
Mvua zinaaga. Kibanda kilifunguliwa jana na kina watoto watatu. Leo jumuiya ilikuwa kwangu.

Walikuja wote, nadhani wengine walikuja kuangalia. Bertilla alikaa chini ya picha ya Moyo Mtakatifu. Nyanda alikaa karibu na mlango amevaa shati jipya, magoti yamebana, hajui aweke wapi mikono. Getruda alikaa upande wa pili wa chumba. Tukasoma somo la wale wawili waliokuwa wakitembea na Bwana wasimtambue, tukaimba, ikafika saa ya nia. Bertilla aliombea miguu yake. Flavian aliwaombea wanaotumia mitandao, akaangalia chini. Nikataka kufunga.

Evodia akasimama. Hajawahi kusema nia tangu Kipaimara.

"Namwombea baba yangu, Urbano," akasema. "Ana wivu. Ana wivu na jirani, ana wivu na mama, ana wivu na mimi. Aliwasha mashine bila mahindi, mwanga ukapepesa, nikaanguka, halafu akamwambia kila mtu kila kitu ila hilo. Shambani aliniambia mwenyewe. Ilimgharimu, nilimwona. Nimeshindwa kumsamehe yote, nimesamehe nusu. Hiyo nyingine naomba nisaidiwe. Ee Bwana."

Akabaki amesimama. Mvua ndogo ilikuwa inadonda kwenye bati. Nyanda alikuwa anatazama kofia yake. Getruda aliinua macho, na tangu Januari hiyo ndiyo mara ya kwanza aliyaacha kwangu bila kuyaondoa. Sikuelewa kwa nini hawaitikii, mpaka nikakumbuka kwamba mwenyekiti ndiye anayeanza. Wote walikuwa wananisubiri.

Nikaanza, "Twakuomba utusikie."